Choo cha Zamani Chaweza Kufaa Tena

Katika ofisi yetu ya kilimo huja watu wengi kuuliza habari za mbolea, mbegu za mboga na magonjwa ya kuku. Wanaokuja kuuliza habari za choo ni wachache sana, na hao wachache hupunguza sauti kama watu waliokuja kukopa. Wengine huniambia, "Bwana karani, hayo si mambo ya Bwana Afya?" Ni ya Bwana Afya, kweli. Lakini ni ya mkulima vilevile, na yafaa nieleze kwa nini kabla hatujafika kwenye saruji na misumari.

Kuna minyoo mirefu iitwayo tegu. Mtu mwenye tegu akienda haja kichakani, au choo chake kikifurika wakati wa mvua, mayai ya tegu husambaa juu ya majani. Ng'ombe akila majani hayo, mayai hugeuka kuwa vijifuko vidogo ndani ya nyama yake. Mkaguzi akiona vijifuko vingi machinjioni, nyama hukataliwa, na mwenye ng'ombe hurudi nyumbani na kamba tu. Tegu wa nguruwe ni mbaya zaidi. Mayai yake yakimwingia mtu kwa mikono michafu au kwa mboga isiyooshwa vizuri, vijifuko vyaweza kukaa katika ubongo na kuleta kifafa. Ndugu zetu wanaofuga nguruwe nyuma ya nyumba pande za Kawangware na Dagoretti wafikiri jambo hili kwa makini: nguruwe hapati tegu kwa uchawi, humpata kwa kula mavi ya mtu.

Tena wako wakulima wa magunia. Tangu mwaka 2008 watu wengi wa Kibera wamejifunza kujaza gunia udongo na kupanda sukuma wiki na mchicha ubavuni mwake, na kazi hiyo imesaidia nyumba nyingi kupata mboga. Lakini gunia likisimama hatua tano kutoka choo kisicho na kifuniko, nzi hutoka huku na kutua kule, na mama huchuma mboga zilizokwisha kukanyagwa na nzi hao.

Wala mkulima wa mbali asiseme kwamba haya si yake. Maji ya Kibera huteremka kwenda mto Motoine na Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953. Kutoka bwawani mto huitwa Ngong. Huungana na mto Nairobi, nao huingia katika Athi, na Athi ndio huo uitwao mbele Galana, kisha Sabaki, hata baharini karibu na Malindi. Kando ya mito hiyo wako watu wanaonywesha mboga kwa ndoo na kwa pampu. Choo kikifurika Raila, yaliyomo husafiri.

Raila ni kijiji kimoja katika vijiji vya Kibera, pamoja na Gatwekera, Lindi, Laini Saba, Makina na vinginevyo. Jina lake latokana na Raila Odinga, aliyekuwa Mbunge wa Lang'ata tangu 1992 hadi 2013. Nyumba zake ni safu za vyumba vya mabati na udongo, na kila ploti ina choo kimoja cha watu wengi, au haina kabisa. Kutoka kijiji hiki na vijiji jirani ilienea sifa mbaya ya mifuko ya plastiki iliyotupwa usiku, ambayo watu waliipa jina la vyoo virukavyo. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017, lakini marufuku ya mfuko haijengi choo. Watu hawakutupa mifuko kwa sababu ya ujinga. Mwaka 2010 shirika la Amnesty International liliandika habari za wanawake wa vijiji vya Nairobi kama hivi, walioogopa kwenda choo cha mbali gizani kwa hofu ya kushambuliwa. Mama mwenye hofu hiyo hufunga mlango wake na kutumia kopo.

Sasa, mtu wa shamba choo chake kikizeeka huchimba kingine pembeni. Katika Raila hakuna pembeni. Kwa hiyo kukitengeneza kile cha zamani si kazi ya kupendezesha ploti; mara nyingi ndiyo njia pekee iliyopo.

PIMA KWANZA

Kosa la kawaida ni kununua mabati na rangi kabla ya kuangalia shimo. Nimeona choo kilichopakwa rangi ya samawati nzuri, na ndani shimo lilikuwa limejaa hata nzi walikuwa wakitembea pembeni mwa tundu. Rangi ile ilikuwa hasara tupu.

Chukua kamba, ufunge jiwe mwisho wake, ukate mafundo kila futi moja. Literemshe jiwe katika tundu mpaka liguse. Kama kutoka sakafuni mpaka uchafu ni chini ya futi mbili, choo kimejaa, nawe usikitengeneze juu kabla ya kukipunguza chini. Kama ni futi nne au zaidi, una shimo zuri bado. Kamba hiyo ioshe na kuitunza, maana itatumika tena.

Habari ya kupunguza yataka onyo. Mtu asiingie shimoni. Chini mna hewa mbaya inayoua kwa dakika chache, na mara nyingi yule wa pili anayeingia kumwokoa mwenziwe hufa naye. Kazi hufanywa kwa pampu ya mkono au gari la kunyonya. Magari makubwa hayawezi kupita vichochoro vya Kibera. Ndiyo sababu katika miaka ya 1990 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lilijaribu pale Kibera gari dogo liitwalo Vacutug, lililotengenezwa kwa ajili ya njia nyembamba. Lakini gari lolote hushindwa na shimo lililotiwa matambara, chupa na nepi za watoto, kwa sababu mpira wake huziba. Kila kitambaa unachotupa chooni leo utakilipia siku ya kunyonya. Nao wanaonyonya waulizwe wanakwenda kumwaga wapi. Wakimwaga mtoni usiku, umelipa pesa ili uchafu wako urudishwe kwa mkulima wa chini.

SAKAFU

Vyoo vingi vya zamani vina sakafu ya magogo iliyokandikwa udongo. Kwa juu yaonekana ngumu, na chini mchwa na unyevu vimekwisha kufanya kazi yao. Gonga kila mahali kwa fimbo nzito ukiwa umesimama nje ya mlango. Mahali palipo pazima hutoa sauti fupi. Palipooza hulia kama debe tupu. Ukiona ufa unaozunguka, au sakafu imebonyea katikati, funga choo siku ile ile.

Katika ploti moja ya Raila yenye vyumba kumi na kimoja hawakukifunga. Mvua za Aprili zilipokuja, mama mmoja aliyekuwa mjamzito alikanyaga karibu na tundu na mguu wake ukapita hata gotini. Alishika mlango, akapona, ila ngozi ya muundi ilichunika. Jioni wapangaji walikutana na mwenye ploti, na yalikuwa maneno makali. Mwenye ploti alisema kwamba alijenga choo kwa vyumba vinne, na wao ndio walioleta ndugu na watoto. Mama mmoja mtu mzima akamjibu, "Mzee, sisi twakuheshimu. Lakini kodi ya vyumba kumi na kimoja unaipokea, na choo ni cha vyumba vinne. Hesabu hiyo tufundishe." Watu walicheka, na mzee naye akacheka kidogo, na baada ya hapo waliweza kuzungumza.

Sheria iko upande wa wapangaji. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na usafi wa kadiri ifaayo. Na Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, huhesabu choo kinachodhuru afya kuwa ni kero ambayo ofisa wa afya aweza kutoa notisi iondolewe. Mwenye ploti mwenye busara hangoji notisi. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kesi huchukua miezi na mvua haingoji. Pale Raila walipatana hivi: mwenye ploti alinunua saruji, nondo, mabati na mbao, wapangaji walitoa mikono, mchanga na kokoto, na fundi alilipwa nusu kwa nusu.

Kama magogo ni mazima bado, yatosha kuweka juu yake bamba dogo la zege, futi 2 kwa futi 2, unene wa inchi 2, lenye tundu, mahali pa miguu palipoinuliwa kidogo, na kifuniko kinachokaa sawasawa. Bamba la namna hii lilianza kutumika nchini Msumbiji tangu mwaka 1979, na sifa yake ni kwamba laoshwa kwa kopo moja la maji. Watu wawili hulibeba.

Kama magogo yameoza, ondoa yote na uweke bamba kubwa. Mdomo wa shimo ukiwa futi 3, bamba liwe futi 4 kwa futi 4, ili lilalie ardhi ngumu inchi 6 kila upande. Udongo wa mdomo ukiwa umemomonyoka, jenga kwanza duara la mawe na saruji. Unene wa bamba ni inchi 3. Changanya karai 1 la saruji, makarai 2 ya mchanga na makarai 4 ya kokoto, na maji ya kiasi tu. Zege la uji halina nguvu. Mfuko mmoja wa kilo 50 watosha. Weka nondo za milimita 8, moja kila inchi 6, kwa marefu na kwa mapana, nazo zikae karibu na upande wa chini, inchi moja kutoka chini. Mafundi wengine huziweka juu kwa sababu ni rahisi. Zege hupasuka kuanzia chini linapobeba uzito, kwa hiyo chuma cha juu hakisaidii kitu.

Tundu lisizidi inchi 7 kwa upana, na urefu wa inchi 12, ili mtoto asiweze kupita. Watoto wengi huogopa choo kwa sababu ya tundu kubwa, nao wana haki ya kuogopa.

Bamba la ukubwa huo huzidi kilo 250, na kichochoro cha Raila hakipitishi watu wanane waliobeba mzigo. Fundi wa ploti ile alilitengeneza nusu mbili zinazokutana penye tundu. Watu wanne walibeba nusu moja moja.

Zege likishamwagwa lifunikwe magunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Siku ya tatu bamba limekauka juu, watu wamechoka kwenda choo cha jirani, na mmoja husema, "Limekuwa gumu, tulitumie." Likitumiwa siku ya tatu hupata nyufa ambazo hazionekani mpaka mwaka wa pili. Kwa hiyo jambo la siku saba lipangwe kabla ya kubomoa. Wale wa ploti ile walizungumza na ploti mbili za jirani, wakatoa sabuni na zamu ya kuosha kama shukrani. Wengine walitumia vyoo vya kulipia. Watoto wadogo waliwekewa ndoo yenye majivu na kifuniko, ikamwagwa kila asubuhi chooni kwa jirani. Siku saba zilikuwa ndefu, lakini hakuna aliyekanyaga bamba.

BOMBA AU KIFUNIKO?

Swali hili huulizwa sana. Mwaka 1973, katika maabara ya Blair mjini Salisbury, ambao sasa ni Harare, wataalamu walitengeneza choo cha shimo chenye bomba la kutolea hewa. Upepo upitao juu ya bomba huvuta harufu kutoka shimoni. Nzi waliomo shimoni hufuata mwanga unaoingia kwa juu ya bomba, hukuta wavu, hufa humo. Mwaka 1975 walihesabu nzi kwa siku 78: vyoo visivyo na bomba vilitoa nzi 13,953, na vile vyenye bomba vilitoa nzi 146. Mwenye kudharau bomba na asome tarakimu hizo mara mbili.

Lakini bomba lina masharti yake. Liwe wima, bila kona, upana wa inchi 4 au, ikiwezekana, 6. Lipite juu ya paa kwa futi 2. Wavu wake uwe wa namna isiyoshika kutu. Na ndani ya choo kuwe na kiza kidogo, ili nzi wasipende mlango kuliko bomba. Tena tundu lisizibwe kabisa, kwa sababu hewa lazima iingie hapo ipate kupanda. Mtu anayeweka bomba na kifuniko cha kubana pamoja amelipia vitu viwili vinavyopingana.

Kawangware, katika ploti zenye ua na upepo, ningeshauri bomba. Raila, mahali ambapo paa la mabati lagusa paa na upepo hauna njia, bomba huwa mti tu uliosimama. Huko ningeshauri kifuniko cha kubana chenye mpini mrefu, ili mtu asiiname sana kukigusa. Choo chenye maji maji huzaa mbu pia. Huko Makunduchi, Unguja, mwaka 1988 walimwaga punje nyepesi za plastiki zinazoelea juu ya maji ya vyoo ili mbu wa matende wasizaliwe, na mbu walipungua sana. Kwa mtu wa nyumbani dawa iliyo karibu ni kutomwaga maji ya kuoga chooni.

MLANGO NA MENGINEYO

Mlango ninauweka mwisho, lakini nikiulizwa ni kitu gani kati ya vyote kitakachowafanya wanawake wakitumie choo usiku, nitasema komeo la ndani. Liwe la chuma, si kipande cha waya, na liwe chini kiasi kwamba mtoto wa miaka saba alifikia. Mlango ufike karibu na chini, na mabati yasiwe na matundu ya misumari ya zamani. Yazibwe kwa lami. Ukutani piga ubao wa kushikia kwa ajili ya wazee na wajawazito. Vitu hivi ni bei ndogo kuliko rangi.

Nje ya mlango tundika mtungi wa lita tano wenye tundu dogo na sabuni iliyofungwa kamba, uitwao kibuyu chirizi. Ndani weka debe la majivu; kila atokaye amwage kofi moja shimoni. Usitie dawa kali za kuoshea chooni kwa wingi, maana zaua vijidudu vinavyoozesha uchafu, na shimo hujaa upesi. Na mipira ya maji ya kunywa isipite katika mfereji wa choo. Maji yakikatika, mpira wenye ufa hunyonya uchafu wa nje, na yakirudi humpelekea mtu ndani ya ndoo.

Mambo haya si mapya katika nchi yetu. Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani, na nakumbuka kwamba shule ya Jeanes pale Kabete, si mbali na Kawangware, ilianzishwa mwaka 1925 kufundisha walimu waliotazamiwa kuonyesha vijijini nyumba safi, bustani na choo, pamoja na kusomesha. Na Tanzania mwaka 1973 walifanya kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio, ambayo watu wapata milioni mbili walisikiliza kwa vikundi, na vyoo vingi sana vilichimbwa.

Kwa msomaji wa shamba mwenye nafasi: shimo lililojaa usilifukue upesi. Lifukie kwa udongo futi 2, upande mgomba au mpapai juu yake. Ukitaka kutumia yaliyomo kama mbolea, yaache yamefukiwa miaka miwili bila kuongezwa kitu, kwa kuwa katika baridi ya nchi yetu ya juu mayai ya minyoo hukaa hai muda mrefu. Hata hapo itumike kwa miti na mahindi, si kwa mboga za kuliwa mbichi.

Katika ploti ile ya Raila ile kamba ya mafundo yaning'inia ndani ya mlango. Kila tarehe moja mpangaji mwenye zamu hupima na kuandika kwa chaki juu ya ubao, futi na inchi, ili kila mtu aone. Kila chumba hutoa kiasi kidogo cha pesa pamoja na kodi kwa ajili ya siku ya kunyonya, na mwenye ploti hutia sehemu yake. Wamekubaliana kwamba kamba ikifika futi 3 wataita gari, bila kungoja 2, kwa sababu futi ile moja katika mwezi wa mvua yaweza kujaa kwa usiku mmoja.